Dakika nne juu ya Daraja la Nyali: kisa cha gari ya shemeji

Hii gari naijua tangu siku ya kwanza iliposimama nje ya nyumba ya dada yangu kule Bamburi, kwa hivyo nikisema naielewa si kwamba nimehadithiwa. Nlikuwepo ilipoletwa ikiwa imeng'ara, nlikuwepo ilipovutwa na bregdauni usiku, na nlikuwepo garaji hedi, kile kipande cha alumini cha juu ya injini, ilipofunguliwa tukachungulia ndani. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, sina kesi nao na kusema kweli sidhani kesi hii ni yao. Mjue tu ni saluni ya Kijerumani ya 2007, milango mine, silinda sita zimepangwa foleni moja, inasukumwa na tairi za nyuma, rangi buluu nzito ambayo jua la saa kumi likiipiga utadhani imemwagiwa maji. Watu wakiiona wanageuka. Wakiisikia inawashwa wanauliza kama inauzwa.

Shemeji kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, na nadhani hapo ndo ugonjwa ulipoanzia manake mtu anayeshinda akiangalia magari yakiteremshwa melini kutoka Japani kila wiki hawezi kutosheka na kigari cha kawaida. Alikuwa na kile kisaluni cheupe cha 1500 ambacho kila mtu Mombasa anacho, kinakula mafuta kama ndege anavyokunywa maji, hakijawahi kumuangusha hata siku moja, akakiuza. Mwaka 2021 akanunua hii kwa laki nane na nusu kutoka kwa jamaa mmoja wa Tudor. Ilikuwa imeingia nchini 2014, na kwa sheria yetu ya kutoruhusu mtumba uliopita miaka minane ilikuwa bado imo ndani ya muda. Wakati anainunua ilikuwa na kilomita elfu 96. Hiyo namba ishikeni, tutairudia.

Mimi ni fundi wa waya, nashughulika zaidi na malori ya safari za bara, lakini gari yoyote ya familia ikipata shida simu ya kwanza inakuja kwangu, ya pili kwa fundi mwenyewe.

Niseme kwanza uzuri wake, manake bila hivyo mtamuona shemeji ni mjinga na si mjinga. Siku moja asubuhi tulienda Kilifi, barabara nyeupe, akanipa usukani tulipovuka daraja la Mtwapa. Wallahi mimi nimeendesha magari mengi lakini nyingi unaziamrisha, hii unazungumza nayo. Usukani mzito kidogo mkononi, unahisi barabara mpaka chembe za mchanga, kona ikija gari hailali upande, inakaa tu pale ulipoiambia ikae. Na ile injini, silinda sita zikiwa kwenye mstari mmoja mitikisiko yake inauana yenyewe kwa yenyewe, ndo maana inapanda mzunguko elfu tatu, nne, tano, laini kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nlirudi nyumbani nikaiangalia gari yangu nikaionea huruma.

Na huu uchu si wa jana. Waitaliano 1962 walitoa Alfa Romeo Giulia, saluni ya milango mine ya mtu kupeleka watoto shule lakini injini ndani ni ya mbio, na tangu hapo kila kampuni ya Ulaya imekuwa ikitafuta hiyo hiyo dawa, gari ya baba yenye roho ya kijana. Hata hapa kwetu wazee wanaokumbuka Safari Rally ilipokuwa ikishuka Pwani watakwambia Joginder Singh alivyoshinda 1974 na 1976 na Lancer ndogo tu, si lazima gari iwe dude ndo iwe na moto. Tofauti ni kwamba Lancer ile ungeifungua kwa spana kumi na mbili na bisibisi. Hii ya shemeji ukitaka kujua kama oili imepungua hakuna hata kile kijiti cha kuchomoa ukafuta na kitambaa, inabidi uulize kioo cha dashibodi, na kioo kikijisikia kitakujibu.

Sasa kisa.

Ilikuwa mwisho wa Machi 2023, wiki ya kwanza ya Ramadhan. Mnaijua Machi ya Mombasa, kaskazi inakwisha, kusi haijaingia, hewa imesimama tu, joto digrii 33 na unyevu juu yake. Shemeji ametoka kazini Kilindini saa kumi na moja kasoro, akapitia kununua viazi karai na kaimati za futari, akaingia jem ya kwenda Nyali pamoja na Mombasa nzima, manake saa ile kila aliyefunga anakimbilia nyumbani. AC imewashwa. Kutoka Buxton mpaka kupanda daraja alitumia nusu saa, mita kumi, simama, mita tano, simama.

Bahati nzuri ana ile kamera ya kioo cha mbele inayorekodi na sauti, na mimi nimeisikiliza hiyo rekodi mara tatu nne, na bila hiyo sidhani ningeandika haya manake kila mtu angekuwa na hadithi yake. Saa kumi na moja na dakika 41 unasikia kengele moja, ting. Hiyo ni taa ya njano ya kuonya joto la injini. Yuko bado hajapanda daraja, kushoto kwake kuna nafasi ya kusimama, inaonekana kabisa kwenye video. Unamsikia anasema "ah, hii AC nayo imeisha gesi." Ilikuwa inapuliza moto. Kumbe AC haijaisha gesi, kompyuta ya gari imeizima kompresa yenyewe kwa makusudi ili kuipunguzia injini mzigo, ndo ilikuwa inamwambia nimezidiwa nisaidie. Yeye akafungua kioo akaendelea.

Dakika 47, kengele tatu mfululizo. Nyekundu. Sasa yuko juu ya daraja, katikati, gari mbele gari nyuma. Na pale unamsikia anasema "ya Allah, si hapa." Kutoka hiyo kengele mpaka injini inazimwa ni dakika nne na sekunde chache. Alikuwa anataka kuvuka tu. Akavuka, gari ikaanza kukosa nguvu kwenye mteremko wa upande wa Nyali, moshi mweupe ukatoka kwenye boneti, akaegesha kabla ya kufika Kongowea.

Na hapo ndo likaja balaa la tatu, la watu wema. Vijana wakatokea na jerikeni la maji, mmoja akafunga kitambaa mkononi akafungua kile kifuniko cha plastiki cha maji ya injini, maji yakaruka juu mita mbili, Mungu alimuepusha tu asiungue uso, alafu wakamimina maji baridi ndani ya injini iliyokuwa inachoma kama jiko la mkaa. Shemeji alikuwa anawashukuru. Nlipofika mimi na pikipiki walikuwa wanampa pole na yeye anawagawia kaimati, manake adhana ilikuwa tayari.

Sasa tuifungue vipande vipande, manake ukiuliza pale mtaani gari ilikufa kwa nini utaambiwa "gari za Kijerumani ndo zilivyo" na mjadala unafungwa. Mimi siukubali huo ufupi.

Kilichokufa kwanza ni pampu ya maji, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Kwenye gari zetu za kawaida pampu inazungushwa na mkanda wa injini, na ikikaribia kufa inatoa habari, beringi inalia kama panya au maji yanadondoka chini, hata kijana wa kuosha gari atakwambia. Hii ina pampu ya umeme. Ina mota yake na saketi yake ndani, kompyuta inaiamrisha izunguke haraka au polepole, na hata ukizima gari inaweza kuendelea kuzunguka dakika kadhaa kupoza. Akili nyingi, inaokoa mafuta, sina ubishi. Lakini saketi ya umeme iliyofungwa chini ya injini, penye joto mwaka mzima, haizeeki kama beringi. Leo inafanya kazi, kesho haifanyi, haikuagi. Mafundi wanaozijua gari za aina hii wengi hawangoji ife, zikikaribia kilomita laki moja wanaitoa pamoja na themostati, kile kilango kinachopitisha maji ya kupoza. Ile elfu 96 niliyowaambia mshike, ndo hiyo. Shemeji aliinunua gari ikiwa imebakisha elfu nne kufika kwenye deni ambalo yule wa Tudor hakulilipa, na siku ya daraja ilikuwa imefika elfu 121.

Pili, hii injini imeundwa iishi kwenye joto. Themostati yake inaongozwa na kompyuta na ikiwa unaenda taratibu inayaacha maji yapande kupita digrii 100 kwa kusudi kabisa, manake injini ya moto inachoma mafuta vizuri. Mtu atauliza maji si yanachemka kwa 100? Yanachemka kwa 100 kwenye sufuria hapa Mombasa, Nairobi huko juu yanachemka kwa 94 hivi, lakini ndani ya injini yamefungiwa kwa presha, na kifuniko kikishika presha sawasawa maji matupu yanavumilia mpaka 120 na kulanti, ile dawa ya maji ya injini, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji inapita hapo. Yaani maisha ya hii gari yote yananing'inia kwenye kifuniko kimoja, kibuyu kimoja cha plastiki cha kuwekea hayo maji na mipira minne mitano ya kuyapitisha. Na plastiki inayopikwa kila siku kwa miaka kumi na sita inakuwa kama ganda la yai. Ujerumani gari inapumzika miezi sita ya baridi. Hapa inapumzika lini?

Tatu, jem. Ukiwa unaenda themanini kwenda Mariakani upepo wenyewe unapoza redieta. Ukiwa umesimama Buxton unategemea feni peke yake, na mbele ya redieta kuna kile kiredieta cha AC kinachotema joto la ndani ya gari, kwa hivyo upepo unaofika kwenye redieta ushapikwa tayari. Pampu dhaifu ingeweza kukufikisha Nairobi na isikufikishe Nyali. Ndo maana wiki mbili kabla shemeji alienda Voi akarudi bila tatizo, na mpaka leo anaitumia hiyo safari kama ushahidi kwamba gari "ilikuwa sawa kabisa."

Haikuwa sawa. Tulipokaa tukakumbushana, dalili zilikuwepo tangu Oktoba 2022. Dada yangu alisema gari ina harufu tamu, kama sharubati imeungua, akaambiwa ni pafyumu ya ndani ya gari imemwagika. Ilikuwa kulanti inavuja kidogo kidogo kwenye mpira na kukaukia kwenye chuma cha moto. Taa ya maji kupungua iliwaka, garaji moja wakabadilisha kibuyu, na fundi wa pale, tumpe haki yake, alimwambia pampu nayo umri wake umefika, ibadilishe. Bei ya pampu na themostati aliambiwa elfu 71. Mwezi huo huo alikuwa ameshaagiza rimu za inchi 18, elfu 95. Rimu zilikuja. Nzuri, siwezi kusema uongo, gari ilikaa kama imevaa suti.

Alafu kuna jambo la maji yenyewe, na hili linanikera kwa sababu ni letu sisi watu wa hapa. Baada ya kubadilishiwa kibuyu, kila maji yakipungua alikuwa anaongeza ya bomba la nyumbani. Bomba la nyumbani Bamburi ni kisima, na nyie mnajua visima vya pwani ladha yake, ukipiga mswaki huhitaji chumvi. Chumvi na alumini havikai nyumba moja. Tulipofungua hedi njia za maji zilikuwa na ukoko mweupe kama ule wa birika ya chai, na sehemu mbili alumini imeliwa vishimo. Sasa ukoko ule unafanya kama blanketi, joto linakataa kutoka kwenye chuma kuingia kwenye maji. Hata pampu ingekuwa mpya, sijui ingevumilia Machi ngapi.

Kwa hiyo twende kwenye zile dakika. Watu wengi niliowasimulia wanasema kosa lake ni ile nyekundu, angezima papo hapo. Kweli. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, hedi ikipata moto usio na maji inataka kuvimba lakini imefungwa na bolti, kwa hivyo inajipinda, ikishapinda gasketi inayoziba kati yake na injini haishiki tena. Dakika moja unaweza kuokoka. Dakika nne huku unakanyaga mafuta upandishe gari, hapana. Angezima pale pale katikati ya daraja, awashe hazadi, ashuke asimame nyuma ya gari atukanwe. Matusi ya Daraja la Nyali ni ya bure, hedi si ya bure.

Lakini mimi nikiipima naona nyekundu ilikuwa ngumu na njano ilikuwa rahisi. Kwenye nyekundu mtu yuko juu ya maji, honi nyuma, amefunga, saa inakimbia, si wengi wangezima. Kwenye njano alikuwa na nafasi kushoto na dakika sita mkononi. Kwa nini hakusimama? Kwa sababu hakuona kitu cha kumtisha. Hii gari haina sindano ya temperecha. Dashibodi ina spidi, ina mizunguko, na mahali ambapo gari nyingine zina sindano ya joto wao wameweka sindano ya kuonyesha mafuta yanavyolika unapokanyaga. Kitu cha kumfurahisha dereva wa barabara kuu za huko kwao. Shemeji kwenye kile kigari chake cheupe alikuwa na tabia ya kutupia jicho ile sindano kila akisimama jem, miaka tisa, mazoea. Kwenye hii jicho lilikosa pa kwenda. Na ile taa ya njano ni kidude kidogo kama tone, na kwa miaka miwili hiyo gari imekuwa ikimuwashia vitaa vya njano vya kila aina, presha ya tairi, balbu ya nyuma, sensa ya mkanda wa kiti, mpaka akazoea njano maana yake ni kelele za mtoto mchanga. Mtu ukimlilia kila siku, siku unaumwa kweli hatashtuka.

Hapo ndo naweka kidole changu, na ami pale garaji hatukubaliani.

Ami ni fundi mzee wa Ganjoni, mkono wake nauamini kuliko mashine ya kompyuta. Yeye alichomeka mashine akasoma hitilafu, pampu imejiandikisha kufeli mara tatu kabla ya siku yenyewe, mara ya kwanza mwezi wa kwanza. Kisha akafungua. Akaweka rula yake ya chuma juu ya hedi, akawa anajaribu vibati vyembamba chini yake. Cha milimita 0.05 kikapita, na hapo ndo mpaka kwa hedi nyingi. Cha 0.10 kikapita. Cha 0.15 kikapita kwa shida. Akaniangalia akasema "mwanangu, hii imelala kama ngalawa." Akaipeleka kupimwa presha, tukaomba dua, ikarudi haina ufa, pamoja na yale maji baridi ya watu wema. Hapo tulikuwa na bahati, nasema bahati na sina neno lingine, manake chuma cha moto ukikimwagia maji ya jerikeni kupasuka ndo kawaida yake.

Ami anasema kosa ni la mwenye gari, basi, aliambiwa pampu akanunua rimu. Mimi nasema hilo ni kweli lakini ni nusu. Gari hii inadai mtu anayeisikiliza kwa namna tofauti na zile tulizolelewa nazo, na hakuna aliyemfundisha, si yule wa Tudor aliyeuza, si garaji iliyomwambia pampu bila kumwambia ikifa itakufaje. Angeambiwa "hii pampu haitalia, siku ikifa una dakika chache na hakuna sindano ya kukuonya", nadhani rimu zingengoja. Ami akanijibu nisimtetee shemeji kwa sababu nakula kwake. Hatujamalizana hadi leo.

Ikaja hesabu, na nyumbani ikawa baraza. Mama akasema iuzwe. Dada akasema iuzwe jana. Jamaa wa kununua magari mabovu walikuja wawili, wa juu akataja laki tatu. Mwengine akamshauri atie injini ya mtumba kutoka Japani, 280,000 na kufungwa 60,000. Ami akaandika yake kwenye gamba la boksi la filta: kuvutwa 6,000, hedi kusawazishwa na kupimwa 18,000, seti ya gasketi 34,000, bolti mpya 16,000 manake hizi zikishavutwa mara moja hazirudiwi, pampu na themostati zile zile 71,000, mipira na kibuyu 19,000, oili na filta na kulanti 17,000, mkono wake 65,000. Jumla 246,000.

Nlimwambia shemeji tengeneza. Si kwa mapenzi. Gari nzima ya aina ile wakati huo ilikuwa inakwenda laki saba na nusu. Iliyowahi kuchemsha, watu wakijua, itashuka, tuseme sita na nusu. Ukiuza mbovu unabaki na tatu. Ukitia laki mbili na nusu unapata kitu cha sita na nusu, na zaidi ya yote unajua kilichomo ndani kwa sababu umekifungua na macho yako. Ile injini ya mtumba nayo ingekuja na pampu yake ya mtumba, themostati yake ya mtumba na historia ya mtu usiyemjua wa Osaka, yani unanunua tena lile deni la Tudor kwa bei ya juu. Hoja ya mama ilikuwa nyingine na nlishindwa kuijibu, alisema "na pampu nyingine ikifa?" Kwa sababu ni kweli, baada ya maji kuna gasketi ya juu ya hedi itavuja oili, kuna pampu ya mafuta ya presha, kuna giaboksi, kila kimoja kina zamu yake. Nlichoweza kusema ni kwamba zamu zinajulikana, unaweza kuziwekea akiba. Mama akasema akiba ya watoto au ya gari. Nkanyamaza.

Ilikaa wiki saba. Wiki nne kati ya hizo ni kungoja bolti, manake zile za kwanza zilizoletwa zilikuwa feki, ukiziangalia herufi za kichwani zimechorwa vibaya, ami akazirudisha kwa ukali. Hizo wiki saba shemeji alipanda matatu na tuktuk akakonda. Vishimo vya alumini vilijazwa, hedi ikasawazishwa, njia za maji zikaoshwa na dawa mara tatu mpaka yakatoka meupe. Kulanti ikachanganywa na maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, na ami akaweka alama kwa wino kwenye kibuyu akasema maji ya kisima yakionekana humu usije kwangu tena.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Nilimchomekea kile kidude cha bluetuthi kwenye soketi ya kompyuta chini ya usukani, elfu mbili na mia tano, kinasoma temperecha na kuitupa kwenye simu. Simu imebandikwa pale juu ya redio. Namba kubwa ya kijani. Nkamuandikia kwenye karatasi: ikifika 115 AC zima, 120 simama popote ulipo hata kama ni juu ya daraja, na usiruhusu mtu mwema kukaribia boneti. Ile karatasi bado iko kwenye droo ya gari.

Ni zaidi ya kilomita elfu 20 tangu hapo. Gasketi ya juu ya hedi ilivuja kama tulivyosema, akaibadilisha ndani ya wiki, hakungoja. Rimu aliziuza elfu 60. Tangu Dongo Kundu ifunguliwe yote hadi kusini anaipenda barabara ile, siku za Ijumaa baada ya swala anatuchukua tunapita daraja la Mteza vioo wazi, injini inaimba, na dada yangu aliyesema iuzwe jana anakaa mbele na hasemi kitu, anaangalia mikoko.

Ramadhan iliyofuata, siku ya tatu au ya nne, saa kumi na mbili kasoro robo, simu yangu ikalia. Yuko Buxton, ameegesha kushoto, pale pale kwenye nafasi inayoonekana kwenye video.

"Shem, inasoma 104."

Nkamwambia 104 kwa gari hiyo ndo kawaida, iko fiti, endelea.

"Najua," akasema, na nikasikia anafungua mfuko wa karatasi. "Lakini darajani siingii mpaka jem itembee. Nshanunua tende, ntafuturu hapa hapa."